Sura ya Tano: Kumbata, Kumbatia, Achia

Kabla hajaingia Kaya Kinondo, msitu ulio kusini ya Diani, mgeni husomewa sheria. Avue kofia. Ajifunge kaniki nyeusi kiunoni. Asiokote kitu akatoka nacho, hata jani kavu. Na asimbusu mtu humo ndani. Awe mke, awe mume, awe mchumba aliyekuja naye, busu lisubiri nje ya msitu. Kukumbatia mti, hata hivyo, ni ruhusa, na mara nyingi waongozaji wenyewe ndio humhimiza mgeni: chagua mti mkubwa, uzungushie mikono, bandika shavu kwenye gome, nyamaza kidogo.

Msitu wenyewe si mkubwa, ni hekta 30 hivi. Zamani palikuwa na makazi yenye ngome, na katikati yake fingo, kinga iliyozikwa ardhini kuulinda mji na watu wake. Watu walipotoka wakaenda kuishi kando, msitu ulibaki na wazee wake, makaburi yake na miiko yake. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia, na Kinondo imo. Ziara za wageni zilikwisha kuanza miaka kadhaa kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ili msitu uwape wenyeji riziki bila ya kukatwa.

Wageni wengi huondoka wakiamini kwamba kukumbatia mti ni mila ya Wadigo wa kaya hii tangu enzi. Sidhani. Kwangu mimi kitendo hicho kina harufu ya utalii, nami sikilaumu, kwani mtu aliyetoka mbali na kulipa kiingilio lazima apewe cha kufanya kwa mikono yake. Heshima ya wazee kwa mti wa kaya haikuwa ya kuukumbata. Ilikuwa ya kuuacha. Huukati, huutii moto, huupitii kwa kelele, na ukiwa huna haja nao huukaribii. Hao ndio waliouhifadhi msitu kwa karne kadhaa, na waliuhifadhi kwa kukaa mbali nao.

Humo humo msituni kuna kumbatio jingine ambalo mgeni huonyeshwa apige picha. Ni mti wa jamii ya mkuyu ambao maisha yake huanzia juu. Ndege hula tunda, mbegu ikaangukia kwenye panda la mti mwingine, ikachipua huko na kuteremsha mizizi myembamba kuelekea ardhini. Mizizi ikishafika chini hunenepa, hukutana, huungana, ikauzunguka mti mwenyeji pande zote. Kwa miaka mingi miti miwili husimama kama mwili mmoja. Kisha wa ndani hufa, huoza na kuisha, na wa nje hubaki umesimama na tundu katikati, umeshika hewa. Kiswahili hakitaki neno jingine kueleza jambo hili: mti umeukumbata mwenzake. Ni kitenzi kile kile tunachokitumia kwa mama na mtoto, na hakibadiliki hata herufi.

Ndiyo maana nikilisikia neno hili huwa nauliza swali moja tu: aliyemo ndani ya mikono, akitaka kutoka, anaweza?

Tuanze na ukoo wake. Kiswahili kina vitenzi kadhaa vyenye -at- mwishoni mwa mzizi, ambavyo wanasarufi wameona vinakwenda pamoja kwa maana: vyote ni vya mguso, vya kitu kushikana na kitu. Kamata. Fumbata, mkono unapofunga kilichomo kiganjani. Ambata, kitu kikashikamana na kingine. Pakata, mtoto akawekwa mapajani. Kumbata, mikono ikazunguka na kukutana upande wa pili. Si ukoo mkubwa, lakini kila mmoja ana kazi yake, na mwenye lugha hakosei. Humpakati mtu aliyesimama. Humkumbati mtu kwa mkono mmoja.

Ndugu wa Kumbata wako mbali. Mshona wa Zimbabwe akimwambia mtu amkumbatie husema kumbatira, na Mchewa wa Malawi vivyo hivyo. Hizo r zilizobaki kwao sisi tumezimeza, tukabaki na kumbatia. Kwa hiyo neno hili lilikuwako kabla ya jahazi la kwanza kutia nanga Wasini, na kabla ya Mwarabu, Mreno au Mwingereza kuleta namna yake ya kuamkiana. Watu walilichukua kifuani wakahama nalo.

Siku hizi wawili hawa, kumbata na kumbatia, wameachana kidogo. Kumbata limebaki na mwili: mikono, kifua, jasho. Kumbatia limekwenda mjini likajifunza mambo mengine, nasi tutalifuata huko baadaye.

Pakata nalo lina kisa chake, tena cha barabarani. Panda matatu ya kutoka Likoni kwenda Ukunda saa ya watu kurudi nyumbani. Utingo akimwona mama na mtoto wamekalia viti viwili, husema, "Mama, mpakate mtoto," na katika maneno hayo matatu kuna hesabu nzima ya nauli. Asiyepakatwa hulipa. Mtoto wa miaka saba, miguu imefika chini, atapakatwa tu mpaka Tiwi ikibidi. Kisha wataalamu wetu wa istilahi, walipotafuta jina la kompyuta ya kubebwa, wakamwendea mama huyo huyo wa matatu: wakachukua pakata, wakaliunga na tarakilishi, tukapata kipakatalishi. Wengi husema laptopu, najua. Lakini sijaona istilahi iliyokaa vizuri zaidi ya hiyo, kwa sababu imepata hasa mahali mashine inapokaa, nayo ni mahali pa mtoto.

Mkono ukinyooshwa badala ya kuzungushwa hupatikana pima. Pima ni urefu kutoka ncha ya kidole cha mkono huu hadi ncha ya kidole cha mkono ule, mikono ikiwa imetandazwa, kadiri ya mita 1.8 kwa mtu mzima. Mvuvi wa Msambweni akikuambia nanga imeshuka pima kumi, amehesabu kamba kwa mwili wake, akiitandaza kifuani pima baada ya pima. Waingereza nao wana kipimo chao cha kina cha bahari cha urefu huo huo, na jina lao la kipimo hicho, ukilifuata nyuma mpaka Kiingereza cha kale, lilimaanisha mikono iliyotandazwa ili kukumbatia. Watu wawili wasiojuana, mmoja katika bahari ya baridi na mwingine katika maji ya Wasini, wote walipotaka kujua bahari ni ndefu kiasi gani kwenda chini, walifungua mikono.

Kwa pima hupimwa mibuyu pia. Diani bado ina mibuyu mikubwa, mingine ndani ya nyua za hoteli, mingine kando ya Msikiti wa Kongo karibu na mto Mwachema unapoingia baharini, msikiti wa matumbawe ambao umeswaliwa kwa karne nyingi. Mbuyu wenye mzingo wa mita 20 unataka watu 11 au 12 walioshikana mikono ndipo uzungukwe. Watoto hupenda mchezo huo. Waewe wa Ghana na Togo wana msemo kwamba hekima ni mbuyu, mtu mmoja haukumbatii. Sisi tunao wetu, si mpole hivyo: mshika mbili moja humponyoka.

Kukumbatiana kwa watu, hapa Pwani ya Kusini, kuna adabu yake, na mgeni asiyeijua huona watu ni wakavu. Si wakavu. Mwanamume na mwanamke wasiokuwa maharimu hawakumbatiani, na wengi hawapeani hata mkono: mkono wa kulia huwekwa kifuani, kichwa huinama kidogo, salamu imefika. Kijana kwa mzee ni shikamoo, na mara nyingi mkono wa mzee hubusiwa. Wanawake kwa wanawake hushikana, hubusiana, hukumbatiana na kuulizana habari za nyumba nzima kabla hawajaachana. Wanaume hukumbatiana kwa sababu maalumu. Aliyerudi safari ya mbali hukumbatiwa, na aliyetoka Hija hukumbatiwa kwa zamu na mtaa mzima. Siku ya Idi, mara baada ya hotuba, uwanja wa sala hugeuka kuwa mabega yanayogongana, kanzu kwa kanzu, hata watu wawili ambao jana walikuwa hawasemeshani hujikuta wamekumbatiana kwa sababu safu imewakutanisha na aibu ya kukataa ni kubwa kuliko kinyongo.

Lipo pia kumbatio ambalo kila mtoto wa madrasa, Msambweni hata Vanga, hulisikia kabla hajajua kusoma vizuri. Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa pangoni Hira, Malaika Jibril akamjia na kumwamuru asome. Alipojibu kwamba yeye si msomaji, Malaika alimkumbata akambana mpaka nguvu zikamwishia, kisha akamwachia. Mara tatu. Walimu wa madrasa hukisimulia kisa hiki kwa mikono, wakijibana wenyewe mbele ya watoto, na watoto huvuta pumzi pamoja nao. Hilo ni kumbatio lisilo na ubembelezi hata kidogo. Linatisha, linabana, na aliyekumbatwa alirudi nyumbani akitetemeka, akaomba afunikwe. Ila tazama kwamba kila kubanwa kulifuatwa na kuachiwa. Masimulizi hayasahau kutaja kuachiwa hata mara moja.

Msibani mambo huwa mengine. Mwanamke akiingia nyumba ya matanga humwendea mfiwa moja kwa moja, akamwangukia, na kilio kikaanza upya hata kama kilikuwa kimetulia. Mgeni wa desturi huona ni ukatili huo, kumliza mtu aliyekwisha kunyamaza. Wenyewe wanajua kazi yake. Ukiwa umekumbatwa na mtu anayelia, machozi yako hayana haja ya kueleza chochote. Wanaume huketi barazani, hupeana mkono, husema makiwa, na hukumbatiana kwa nadra. Nadhani wao ndio hupata tabu zaidi.

Aliyefiwa asiye na wa kumkumbata hujikumbata. Hilo nalo limo katika lugha: kujikumbata ni kukunja mikono kifuani, kila kiganja kimeshika bega au ubavu wa upande wa pili. Wavuvi hufanya hivyo alfajiri za Julai, kusi ikivuma na ngozi ikiwa mbichi kwa maji ya chumvi. Lakini mtoto akijikumbata ndani ya nyumba bila ya baridi, bibi yake atamkaripia: "Umefiwa na nani?" Kushika tama, kuweka mikono kichwani, kujikumbata, yote hayo ni maumbo ya msiba, na mwili usiyaige bure yasije yakaitika.

Mwaka 2020 ulitupa likizo ya mambo haya yote. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi. Kuanzia tarehe 8 Aprili kaunti yetu ya Kwale ilifungwa pamoja na Mombasa na Kilifi, hakuna kuingia wala kutoka, na Kwale haikufunguliwa mpaka tarehe 7 Juni. Bara watu walijifunza kugongana viwiko na kupigana gota. Huku kwetu mkono wa kifuani ulikuwapo tayari, ukafanya kazi ya ziada bila ya mafunzo. Kilichouma ni mazishi. Watu waliosimama mbali na mfiwa, kila mmoja amejikumbata mwenyewe, ni jambo ambalo halikuwahi kuonekana, na wapo wanawake waliokiuka amri wakaenda wakamshika mwenzao. Sitawahukumu.

Ufuo wa Diani una desturi yake nyingine, nayo ni ya hoteli na ya mchanga. Mtalii hukumbatia. Hukumbatia mpishi siku ya kuondoka, hukumbatia aliyemwonyesha samaki wa miambani, hukumbatia mlinzi wa lango. Kijana wa Ukunda anayefanya kazi hotelini hujua kumbatio hilo linachukua muda gani na mikono ipite wapi, kisha jioni akirudi nyumbani huweka mkono kifuani mbele ya shangazi yake. Na vijana wa mjini wamepata jina la kumbatio la aina hiyo, jepesi, la kuamkiana na kuagana: hagi. "Nipe hagi." Wapo wanaolalamika kwamba tumekopa neno ambalo tulikuwa nalo. Mimi naona vijana wamekopa kwa akili. Kumbatia lingekuwa zito mno kwa kazi hiyo. Lina msiba ndani yake, na Hija, na mama. Huwezi kulitumia mara kumi kwa siku kituo cha matatu. Hagi huisha mara tu mikono ikishuka.

Walio juu ya miti ya Diani hawana adabu ndefu kama zetu. Mbega wa huko, weusi wenye manyoya meupe mabegani, huzaa mtoto mweupe pepe, ambaye hubadilika rangi polepole katika miezi yake ya mwanzo. Kwa weupe huo kila jike katika kundi humtaka. Hupokezanwa, huyu akimkumbata kisha yule, na mama hupata nafasi ya kula. Mbega hana dole gumba la kusema. Pale ambapo sisi tuna kidole cha kufungia mshiko, yeye ana kinundu tu, na hata jina lake la kisayansi lilitokana na neno la Kigiriki la kitu kilichokatwa. Vidole vinne vya mama havitoshi kumfunga mtoto huku akiruka kutoka tawi hadi tawi. Basi anayeshika hasa ni mtoto. Huning'inia tumboni kwa mama, ngumi zimejaa manyoya, na mama huruka mikono yake ikiwa huru. Tangu 1997 lipo shirika mjini Diani linaloshughulika na hao mbega, nalo limetundika ngazi za kamba juu ya barabara ili wavuke bila ya kugongwa na magari. Ukisimama chini ya ngazi hizo mama akipita, utaona wazi kwamba anayekumbata na anayekumbatwa wanaweza kubadilishana zamu.

Nilisema kumbatia lilikwenda mjini. Tulifuate.

Katika Kiswahili cha wazee wetu, ukisikia kwamba fulani anamkumbatia kijana wake, usifurahi. Maana yake kijana ana makosa na mzazi anayafunika. Ameiba nazi za watu, ameonekana, ameshuhudiwa, na mama amesimama mlangoni akisema mwanangu alikuwa amelala. Mikono imezunguka, na kinachozungukwa ni kosa. Vivyo hivyo tulisema serikali inawakumbatia wezi, tajiri anakumbatia mali, kiongozi amekumbatia madaraka. Matumizi haya yana macho makali. Yanajua kwamba mikono ile ile inayokinga hupata kuficha, na kwamba anayeshika sana huenda anajishikia mwenyewe. Yanaoana na methali inayotuonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Ukimkumbata, atakula akiwa karibu.

Halafu likaja kumbatia la tafsiri. Waandishi wa habari na watu wa semina walikuwa na neno la Kiingereza la kukubali jambo kwa moyo mmoja, wakalipachika juu ya hili letu. Tukaambiwa tukumbatie mabadiliko, tukumbatie teknolojia, tukumbatie amani. Yamekuwa mengi kiasi kwamba kuyapinga ni kupigana na kusi. Lakini angalia yanavyogongana na yale ya zamani. Kichwa cha habari kikisema gavana amewakumbatia wafanyabiashara, je, amesifiwa au ameshtakiwa? Msomaji wa miaka sabini ataelewa moja, na wa miaka ishirini ataelewa jingine, na wote wawili watakuwa wamesoma Kiswahili sawasawa. Wanasiasa wenyewe huponea hapo. Naona si bure kwamba tarehe 9 Machi 2018, Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga waliposimama mbele ya Harambee House na kumaliza uhasama wao hadharani, Wakenya walikiita kitendo kile kwa jina la mkono: handisheki. Mkono tu. Hakuna aliyekwenda mbali zaidi ya hapo, na yaliyofuata yalionyesha kwamba umma ulipima vizuri.

Kwale imelisikia kumbatia hili jipya zaidi ya kaunti nyingi, kwa sababu Kwale imeletewa miradi mingi. Kila mradi una baraza lake chini ya mwembe, viti vya plastiki kwa wageni na mikeka kwa wenyeji, na kila baraza lina mtu wa kusimama na kusema, "Wananchi, mkumbatie mradi huu." Tazama sarufi yake. Ni amri. Mwili wa kukumbatia ni wako, kinachokumbatiwa ni chake. Na haijatajwa popote kama ukishakikumbatia unaweza kukiweka chini.

Mchanga wa Kwale una madini mazito: ilmenaiti na rutaili, ambamo titani hutolewa, na zirkoni. Tangu miaka ya 1990 kampuni ya kigeni ilikuwa ikiuzungukazunguka, na hatimaye Base Titanium ndiyo iliyouchimba. Familia za Nguluku na Maumba zilihama kuipisha, wengine wakapelekwa Bwiti, mbali na minazi waliyoipanda na makaburi waliyoyajua. Shehena ya kwanza iliondoka bandarini Likoni Februari 2014. Ajira zilikuja, shule zilijengwa, mishahara ililipwa; asiyeyataja hayo hasemi kweli. Desemba 2024 uchimbaji ulikwisha kwa sababu mchanga wenye faida ulikwisha. Miaka kumi na ushee. Watu walioambiwa waukumbatie mradi walikuwa wameukumbatia kweli, wakajenga nyumba kwa mishahara yake, wakasomesha, wakakopa. Kampuni yenyewe sikuisikia ikisema imeikumbatia Kwale; ilisema ina kibali cha kuchimba, chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Lugha yake ilikuwa sahihi kuliko yetu.

Kilomita chache kuelekea pwani, katika ghuba ya Gazi, kuna mradi ambao nadhani uliingia kwa njia nyingine. Mikoko Pamoja ulianza kazi mwaka 2013, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wakilinda hekta 117 za mikoko na kuuza nje haki ya hewa ukaa inayohifadhiwa humo. Fedha zimeleta maji na vitabu vya shule. Hata hivyo uzuri wa hesabu yake ni mwingine. Haukuwataka watu wa Gazi washike kitu kigeni. Mikoko walikuwa nayo, mikoko ndiyo iliyokuwa imelishika tope kwa mizizi yake na kuzuia bahari isilipeleke, na kilichotakiwa hasa ni watu wasiikate. Kuacha, tena, kwa faida. Na anayedhani kuacha ni kazi nyepesi amwulize mwenye nyumba anayehitaji boriti.

Kitu kimoja kimenisumbua nilipokuwa nikiandika sura hii. Kiswahili ni hodari wa kutangua kwa -ua. Ukifunga utafungua, ukikunja utakunjua, ukibandika utabandua, ukifumba utafumbua. Kumbata halina mwenzake. Sijasikia mtu yeyote, Lunga Lunga wala Likoni, akisema kumbatua. Kutoka katika kumbatio kunahitaji kitenzi cha nyumba nyingine, nacho karibu daima hutamkwa na aliye ndani: niachie. Tena huombwa. Kumbata halikumpa aliyekumbatwa chombo cha kujitoa mwenyewe, lilimwachia ombi tu.

Isipokuwa kwa mtu mmoja, naye ni mvuvi wa pweza. Bamvua, maji yakitoka, wanaume na wanawake wa Msambweni hushuka mwambani na vyuma vyao, wakichungulia mashimo. Pweza akichomwa hakubali kufa kwa heshima. Huupanda mkono wa aliyemchoma, akauzunguka, mikono minane kwa mmoja, na vinyonyo vikakamata ngozi mpaka vikaacha duara nyekundu. Hakuna wa kumwambia niachie. Ukivuta kwa pupa utauvuta mkono wako mwenyewe, maana unapobandua mmoja ule wa jirani unarudi. Mzoefu hahangaiki na mikono. Hutia vidole chini ya kichwa cha pweza, akakipindua ndani nje kama soksi, na nguvu zote nane zikalegea kwa pamoja. Kisha hupigwa mwambani tena na tena, nyama ilainike, akatungwa kambani pamoja na wenzake, na mvuvi akainama kwenye shimo la pili kabla maji hayajaanza kujaa.